Daktari wa kusaini yupo, ila damu yangu ni AS

Anti shikamoo,

Naomba jina langu usilitoe maana huku kaskazini Unguja sote tunajuana, ukitaja tu ufukwe washajua ni nani. Mie ni kijana wa miaka 29, nimezaliwa Pemba, huku nimekuja kutafuta maisha, nina mke na mtoto mmoja wa kiume anakaribia miaka miwili.

Kazi yangu ni ya boti. Nilianza miaka sita nyuma kwa kubeba mitungi ya hewa ya kuzamia na kuijaza kwenye kompresa, baadae instrakta mmoja akaniona nina hamu akanifundisha, nikapata kadi ya kuzamia mpaka mita 18 halafu ya mita 30, na sasa nina mbizi kama 70 kwenye kitabu changu, nyingi Mnemba na chache Leven Bank kule maji yanakovuta kama mto. Mwezi uliopita bosi kaniita pembeni akasema senta ya kuzamia itanilipia kozi ya daivumasta, yule anayeshuka na wageni akiwaongoza. Anti, hiyo ni pesa mie siwezi kuikusanya hata kwa miaka mitatu, na daivumasta analipwa kwa kila mbizi na tip za wageni juu yake.

Sasa ishu yenyewe. Mwanangu alipofika miezi minane alivimba vidole vya mikono na miguu, vikawa kama ndizi mzungu, akilia usiku kucha hata kumshika huwezi. Tukazunguka sana mpaka akapimwa damu, jibu SS, seli mundu, hiyo wanayoiita siko seli. Na sisi tukapimwa, mie AS na mke wangu AS. Sikuwa najua kitu, sijawahi kuumwa zaidi ya malaria za utotoni. Mama yangu yuko Pemba anasema mtoto kaguswa na shetani wa baharini kwa sababu mie kila siku nashuka kwenye majumba yao, basi tokea siku hiyo mke wangu akisikia naenda kuzamia anakaa kimya. Juzi nimeitafuta maski yangu asubuhi nzima, nimekuja kuikuta ndani ya pipa la mchele.

Kuna lingine sijamwambia mtu. Ramadhani iliyopita tulikuwa na wageni wengi, jua la mwisho wa kaskazi hilo, mie nimefunga, nimebeba mitungi asubuhi nimepiga mbizi mbili na ya pili mkondo ulikuwa mkali nikapiga finsi mpaka mapaja yanawaka. Jioni naenda kukojoa mkojo umetoka rangi ya chai ya rangi, halafu wekundu kabisa. Siku ya pili yake ukapungua, ya tatu ukawa sawa. Nikanyamaza.

Kozi inataka fomu ya afya iliyosainiwa na daktari. Swali la mwanzo kabisa linauliza kama umewahi kuwa na matatizo ya mapafu, kupumua, moyo au damu yanayokuathiri utendaji wako wa kawaida. Nikamwambia bosi kuhusu AS (ya mkojo sikumwambia), akacheka akasema weka "hapana" kote, kuna daktari mjini anasaini bila hata kukuangalia, elfu thelathini tu. Nimeingia mtandaoni nimesoma kuwa mtu wa siko seli haruhusiwi kuzamia. Na mie nina ami yangu alikuwa anazamia majongoo bahari kwa mitungi, siku moja alipanda juu miguu ikafa, mpaka leo anatembea na fimbo, na watu walisema ni mambo ya baharini. Nikijumlisha yote naogopa, lakini nikiiacha kozi sijui mwanangu nitamtibu kwa nini.

Anti niingie au nisiingie? Na kwenye ile fomu niandike nini?

Baba wa mtoto, Unguja

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa huyo mtoto, vidole vikivimba vile mzazi unatamani uvibebe wewe.

Umeniuliza swali moja, niingie au nisiingie, lakini barua yako mie naiona kama kamba tatu zilizofungwa fundo moja. Kuna damu yako na maji. Kuna fomu na bosi. Na kuna nyumbani, maski kwenye pipa la mchele. Ukilivuta fundo lote kwa mpigo linazidi kukaza, kwa hiyo niruhusu nivute kamba moja moja, na wala sitakuambia mwisho wake ufanye nini maana maisha ni yako.

Tuanze na ulichosoma mtandaoni. Ulitafuta "siko seli" ukajibiwa mambo ya siko seli, lakini mwenye siko seli humo nyumbani ni mwanao, SS, aliyebeba vinasaba viwili vya ugonjwa huo, wewe wa AS umebeba kimoja tu. Ndani ya chembe nyekundu za mwanao karibu himoglobini yote ni ile ya S, inayoigeuza chembe ikawa kama mundu ikikosa oksijeni. Kwako wewe ya S ni chini ya nusu, iliyobaki ni ya kawaida na ndo inayokushikilia. Kwa hiyo madaktari wanaposema ugonjwa wa seli mundu na mbizi haviendani, wanamzungumzia mtu mwengine. Hilo la AS lina watu wengi sana pwani yetu na bara, na lipo kwa sababu: mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha kazi aliyoifanya huku Afrika Mashariki kuonesha kuwa watoto wenye kinasaba kimoja wanakingika zaidi na malaria kali. Inawezekana hizo malaria zako za utotoni usingezivuka vizuri bila hiyo AS unayoiogopa leo.

Halafu fikiria huko chini penyewe. Ukiwa mita 20 shinikizo ni mara tatu ya la juu, na hewa ya mtungi unayoivuta inakuja kwa shinikizo hilohilo, yaani oksijeni inayoingia mapafuni ni kama mara tatu ya unayoivuta ukikaa barazani. Chembe ya S inaharibika kwa kukosa oksijeni, na pale unayo ya kumwaga. Baadhi ya madhara ya AS yanayojulikana yanatoka milimani, watu waliopanda juu sana ambako hewa ni nyepesi bandama likawauma. Kwa damu yako mie ningekuogopea zaidi binamu yako akikuita ukabebe mizigo Kilimanjaro.

Lakini usishangilie bado. Chini kuna oksijeni mradi mtungi unatoa. Ukiishiwa hewa, ukamezeshwa maji, ukapigana na mkondo huku unahema, hesabu inageuka. Na mapovu ya gesi yakikuingia kwenye damu kwa kupanda vibaya, yanaziba mishipa midogo, nyuma ya yale mapovu oksijeni haipiti, na pale ndo wataalamu wanapohofia kuwa hata chembe za mtu wa AS zinaweza kujikunja. Ni hofu yenye mantiki.

Sasa nikuulize kitu ambacho hukukiandika. Nyie watu wa boti nanga ikinasa kwenye jiwe, nani anashuka kuitoa? Nina hakika ni wewe, bila mtungi, kwa pumzi moja, na ukitoka juu unacheka. Watu wanaona hiyo ndo salama kwa sababu haina fomu wala daktari. Kumbe kwa damu yako pale kwenye pumzi moja ndipo oksijeni inaposhuka kweli, na misuli inafanya kazi wakati huohuo. Hili liweke kwenye orodha ya kumuuliza daktari, tena liweke juu.

Kuna habari ya wanajeshi wa Marekani ambayo mie huwa naipenda kuisimulia. Mwaka 1987 madaktari walichapisha hesabu za makuruta, wakakuta kwamba makuruta weusi wenye AS walikuwa wanafariki ghafla mazoezini bila sababu kueleweka kiasi cha 32 kwa kila 100,000, wenzao weusi wasio na AS ni 1 hivi. Watu wakatishika. Baadae jeshi likaweka taratibu za maji, mapumziko na joto kwa askari wote bila kuangalia damu ya mtu, na utafiti mwengine wa 2016 kwa askari weusi karibu 48,000 haukukuta tofauti ya vifo tena. Kilichobaki ni kuwa wenye AS walikuwa na hatari zaidi, kama asilimia 54, ya misuli kuvunjika kwa mazoezi makali. Yaani damu ni ileile, kilichobadilika ni maji, kivuli na mtu kuruhusiwa kusema nimechoka.

Kwa hiyo iangalie kozi yako kwa jicho hilo. Daivumasta ana mitihani ya kuogelea mita 400 bila vifaa, mita 800 na finsi na snokeli, kumvuta mzamiaji mwenzako mita 100, na vyote hivyo saa inahesabu na ukichelewa alama zinashuka. Wewe unaogopa kina, mie naogopa ile mita 400 saa saba mchana baada ya kupakia mitungi ishirini botini. Kitu cha kuuliza ni kama senta itakubali mitihani uifanye asubuhi mapema, siku ambayo hujabeba, umekunywa maji ya kutosha, na ukiona mapaja yanawaka kama siku ile basi unasimama bila mtu kukuita mvivu. Instrakta mwenye akili atakubali. Asipokubali, hiyo nayo ni habari ya kuipima.

Tuje kwenye mkojo ulioufanya siri. Wewe moja kwa moja umeshahukumu kuwa ni AS na kuwa ni mbizi. Inawezekana. Ndani kabisa ya figo pana oksijeni kidogo na chumvi nyingi, ndo mahali ambapo chembe za mtu wa AS hujikunja hata akiwa hana lolote, na mtu akikauka maji huku amefanya kazi nzito anaweza kukojoa damu. Pia misuli ikivunjika kwa kazi nzito mkojo unatoka rangi hiyohiyo ya chai, na hiyo si ya kusubiri siku tatu, hiyo unakwenda hospitali siku ileile kwa sababu figo zinaweza kufa. Lakini mwanangu, wewe ni mtoto wa Pemba! Ulioga mitoni? Ulivuka bonde kwenda skuli? Kichocho cha mkojo kimetutafuna visiwa hivi vyote viwili miaka na miaka, na kazi yake ya kwanza ni kutoa damu kwenye mkojo. Hapo una mambo matatu yanayofanana rangi na dawa zake ni mbalimbali, na hakuna hata moja linalojulikana kwa kunyamaza.

Na kufunga. Hapo siingii, mie si mwanachuoni, ila daktari akishajua kilichotokea mpelekee sheikhe wako maneno ya daktari, msikilize. Wengine Ramadhani huomba zamu ya nchi kavu, kompresa na ofisini, mwezi ukiisha wanarudi botini. Bosi anayekutaka kiasi cha kukulipia kozi sidhani kama atashindwa na hilo.

Ami yako namhurumia, lakini tumtoe kwenye hesabu yako. Wazamiaji wa majongoo wengi wanashuka mtungi baada ya mtungi siku nzima, hawana kompyuta ya mbizi mkononi ya kuwahesabia kina na muda, jongoo wa karibu wameshaisha kwa hiyo kila mwaka wanakwenda kina zaidi, na hewa ikikata wanapanda moja kwa moja juu. Naitrojeni iliyojikusanya mwilini haipati nafasi ya kutoka taratibu, inageuka mapovu, yakipiga uti wa mgongo miguu inakufa. Hilo linampata mtu wa AA, asiye na kinasaba hicho kabisa, kama linavyompata mtu wa AS. Wewe umefundishwa kupanda taratibu, ukasimama mita 5 dakika tatu, ukahesabu saa zako za kupumzika juu baina ya mbizi. Shetani gani anayemwacha anayesimama mita 5 akamkamata asiyesimama? Hilo usimjibu mama namna hiyo lakini, mjibu kwa adabu.

Sasa fomu. Njia ya bosi kwanza, maana ndo nyepesi. Unalipa elfu thelathini, unapata saini, unaingia kozi, na pengine miaka kumi haikutokei kitu, wako wengi hivyo na sitaki kukudanganya kuwa kila anayeficha anakufa. Hatari yake inakuja siku moja tu, siku umepanda juu unaumwa magoti na bega. Mtu wa kawaida wangesema ni mapovu. Kwa mtu wa AS kuna la kuongeza kufikiria, na anayekuhudumia hajui. Oksijeni na maji utapewa kwa vyovyote na ndo sahihi, lakini baada ya pale maamuzi yanafanywa gizani. Bima nayo ikijua ulidanganya inaweza kugoma, na gharama za chumba cha mgandamizo, kile anachotibiwa mtu wa mapovu, si za kuchangiana msikitini. Tena jiulize, bosi anajua anachokuambia, au alisikia tu "AS" akadhani unatafuta udhuru? Hukumwambia ya mkojo. Labda angejua asingecheka.

Njia ya pili ni kusema. Swali lisome tena, linauliza matatizo ya damu yanayoathiri utendaji wako. AS peke yake ungeweza kubishana nayo, mkojo mwekundu baada ya mbizi mbili sidhani. Ukiweka "ndiyo" hujajifungia mlango, unachofanya ni kupelekwa kwa daktari akuchunguze kweli, na daktari ndo anayeandika unafaa, hufai, au subiri kwanza. Daktari asiyejua mbizi anaweza kukukatalia kwa kuogopa tu, hapo hatari yako ni kupoteza nafasi, na naijua ina uzito gani kwa mwenye mtoto wa kliniki kila mwezi. Kuna shirika la Divers Alert Network, watu wa senta wanaliita DAN, lina madaktari wa mbizi wanaojibu maswali ya wazamiaji na hata ya madaktari wenzao, na wana tawi la Afrika Kusini. Mwombe instrakta wako akusaidie kuwaandikia kabla hujakwenda kwa daktari yeyote, ukiwa na majibu ya vipimo mkononi. Na ukiwa hapo senta uliza mambo ambayo ulipaswa kuyauliza hata ungekuwa AA: chupa ya oksijeni ya boti mara ya mwisho ilijazwa lini, na chumba cha mgandamizo kilicho karibu kiko wapi na wiki hii kinafanya kazi?

Njia ya tatu hukuitaja kabisa, nayo ni kubaki baharini bila kuwa daivumasta. Unahodha, ufundi wa kompresa na rigyuleta, kuongoza wageni wa snokeli. Pesa ni ndogo zaidi, najua, na hamu ya moyo nayo ina bei yake. Naitaja tu ili usijione uko kwenye njia panda ya mbili wakati ni tatu. Halafu daivumasta anashuka na watu wengine nyuma yake. Mgeni akiishiwa hewa anakushika wewe.

Na nyumbani. Unaniambia mkeo anakaa kimya, lakini hujaniambia umemuuliza anawaza nini. Huyu ni mama aliyeambiwa na mkwewe kuwa mtoto anaumwa kwa sababu ya bahari, hospitali ikamwambia ni kwa sababu ya damu yake na yako, na yote mawili anayabeba jikoni peke yake. Nyote wawili mmetoa kimoja kimoja, hakuna aliyemtia mwenzake ubaya, na kila mimba nafasi ya SS ni moja kwa nne, jambo ambalo lazima mlizungumze kabla ya mtoto wa pili na kliniki wapo wa kuwaelekeza. Anachoogopa labda si Mnemba. Labda anaogopa kubaki peke yake na mtoto wa SS. Mie maski ile naiona hivi: angekuwa anataka uache, angeitupa shimoni. Kaiweka kwenye mchele, mahali ambapo lazima mtu ataikuta. Mkeo anakusemesha, mwanangu.

Kwa hiyo kabla ya bosi, kabla ya fomu na kabla ya kunijibu mie, nenda kituo cha afya wiki hii ukapime mkojo. Nenda baina ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo wakati mayai ya kichocho hutoka kwa wingi, ukienda alfajiri unaweza kuambiwa huna na kumbe unacho. Wape na historia ya Ramadhani yote, mbizi, mkondo, mapaja, rangi, usikate kitu. Na mchukue mama mtoto mwende wote.